Sahani Iliyorudi Tupu

Siku niliyokabidhi funguo, chumba cha giza kilikuwa kimeshageuzwa stoo ya mifagio. Kijana mmoja wa idara ya picha aliniuliza mle ndani tulikuwa tunafanya nini. Nikamwambia tulikuwa tunaosha filamu za eksirei kwa dawa na maji, gizani, kwa kupapasa. Akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Basi nimekaa kuandika, ninyi mnaoanza kazi msome mkipenda. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo sikupata vya kusimulia, na mshahara wa serikali hauna siri.

Nilitoka Lindi nikiwa na darasa la nne na nusu. Hiyo nusu naihesabu kwa sababu viboko vyake nilichapwa vyote. Nilipofika Dar es Salaam nilibeba mizigo Kariakoo, soko jipya likiwa bado ni nguzo na kokoto. Nikaosha mapipa ya samaki Feri. Nikaziba matairi kwa fundi mmoja Buguruni. Nikaenda Tanga na lori la chumvi, nikarudi na lori la mkonge. Hakuna kazi niliyoichukia. Kila moja nilitaka kujua inakwendaje, na nilipokwisha kujua nikaaga. Ndugu zangu waliniita Kiguu na Njia, na hawakunisingizia.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, katikati ya mji, mtu akitoka Kariakoo kwa miguu hachoki. Niliajiriwa kufagia korido. Kati ya milango yote niliyopita na fagio, mmoja ulikuwa na taa nyekundu juu yake, na taa ikiwaka hakuna aliyeruhusiwa kuufungua. Kwa mtu kama mimi huo ulikuwa uchokozi. Nikawa nafagia mbele ya mlango ule kuliko sehemu nyingine zote, mpaka siku moja ukafunguliwa, akatoka mzee mwembamba, vidole vyake vimegeuka rangi ya kahawia kwa dawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa pameshakuwa safi kuliko msikitini. Unatafuta nini?"

"Nataka kuona mnachofanya humo."

"Humo hakuonekani kitu, ni giza. Unaweza kukaa gizani bila kupiga domo?"

"Kukaa gizani naweza."

"Na domo?"

"Hilo nitajitahidi."

Huyo alikuwa Mzee Chilumba, mtu wa Masasi, mpiga picha wa hospitali tangu wakati wa mkoloni. Alikwenda kuniombea, nikahamishwa kutoka kwenye fagio. Siku ya kwanza alinifungia ndani, akazima hata ile taa ndogo nyekundu, akanipa filamu mbovu na fremu ya chuma, akaniambia niifunge filamu kwenye fremu pembe zote nne. Niliidondosha, nikaikanyaga, nikaikunja. Nikasikia anacheka gizani, taratibu, kama maji yanayoanza kuchemka. Aliniambia macho ndiyo yanayomharibu mtu kazi hii, kwa sababu yanataka kusaidia. Ilinichukua muda mrefu kuyazoesha yatulie.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Filamu inatoka kwenye kaseti, inafungwa kwenye fremu, inazamishwa kwenye tangi la dawa ya kwanza, inasuuzwa, inazamishwa kwenye dawa ya pili, halafu inaoshwa kwa maji yanayotiririka. Maji yakikatika Dar, na yalikatika sana, tulibeba ndoo kutoka kwenye bomba la nje. Madaktari walikuwa hawasubiri filamu ikauke. Walikuja kuisoma ikiwa inatiririka, mikono ya makoti yao ikalowa, kisha wakatulaumu sisi.

Mifupa nilizoea upesi. Mfupa uliovunjika hata mtoto anauona. Kilichonishika, kikanifanya niache kuaga, ni picha za nyongo.

Leo mnampaka mgonjwa ute wa baridi, mnapitisha kifaa juu ya tumbo, na kifuko cha nyongo kinaonekana kwenye kioo. Sisi tulikitafuta kwa hila. Eksirei ya kawaida haikioni kifuko kile. Ni maji ndani ya nyama. Kwa hiyo mgonjwa alipewa chakula cha jioni kisicho na mafuta, akameza vidonge vyenye iodini, akalala bila kula tena. Dawa ile ikapita kwenye utumbo, ikaingia kwenye damu, ini likaichuja na kuitia kwenye nyongo. Asubuhi, kifuko kikiwa kizima, kinaonekana kwenye filamu cheupe, umbo la embe bolibo dogo. Kukiwa na mawe, yanaonekana kama mashimo meusi ndani ya weupe ule. Halafu mgonjwa analishwa mlo wa mafuta, anasubiri, anapigwa picha ya pili. Kifuko kizima kinakuwa kimejikamua, kimebaki kama kidole. Kibovu kinabaki vilevile.

Mimi nilitaka kujua jambo moja. Mgonjwa kala yai, yai liko tumboni. Kifuko cha nyongo kiko pembeni, chini ya ini, hakijagusana na yai. Kimejuaje?

Nilimuuliza Mzee Chilumba. Akaniambia yeye kazi yake ni kupiga picha, si kupiga ramli, nimuulize Daktari Lyatuu. Huyu alikuwa ndiye mpasuaji wetu, na kwa kuwa hatukuwa na mtaalamu mwingine, ndiye pia aliyesoma filamu za tumbo. Alikuwa kijana, amesoma ng'ambo, mnyamavu. Alikuwa na tabia moja nzuri: ukimuuliza swali alikujibu kama vile ameulizwa na mkubwa wake.

"Utumbo ndio unaokiambia," alisema. "Chakula kikitoka tumboni, kikaingia kwenye utumbo mwembamba, ngozi ya ndani ya utumbo inayaonja mafuta. Ikishayaonja inamwaga homoni kwenye damu. Damu inazunguka mwili mzima, inapita kwenye kidole cha mguu, inapita kwenye sikio, hakuna anayejali. Ikifika kwenye kifuko cha nyongo, kifuko kinaielewa. Kinajikamua."

"Kwa hiyo si tumbo linaloagiza?"

"Utumbo. Watu wanadhani utumbo ni bomba tu la kupitishia. Unatoa amri kwa ini, kwa kongosho, kwa kifuko. Siku nyingine unaiamuru hata akili yako iache kutaka kula."

"Na nyongo yenyewe inatoka wapi?"

"Ini linaitengeneza. Kuna aina ya mafuta inaitwa kolesteroli. Iko kwenye damu yako hata ukila muhogo mkavu, maana ini lenyewe linaitengeneza. Haiyeyuki kwenye maji. Ini linachukua sehemu yake, linaigeuza chumvi za nyongo, na chumvi hizo zinafanya kazi kama sabuni: zinayavunja mafuta ya chakula na kuifanya kolesteroli inayobaki isigande."

Mzee Chilumba, aliyekuwa anaanika filamu, akasema bila kugeuka, "Kumbe ndani tuna sabuni. Nje ndiyo imeadimika."

Ilikuwa miaka hiyo. Mafuta ya kupikia, sukari, unga, sabuni, vyote vilikuwa vya foleni kwenye duka la ushirika, na foleni ilianza kabla mtu hajajua ni ya kitu gani.

Daktari akaendelea kunieleza kwamba chumvi zile hazitumiki mara moja zikatupwa. Mwisho wa utumbo mwembamba unazikusanya karibu zote, zinarudi kwenye ini, zinatumika tena. Nikamwambia basi ni kama soda, maana siku hizo bila kupeleka chupa tupu huuziwi iliyojaa. Akafurahi, nadhani ndiyo siku ya kwanza nilipomwona anatabasamu. "Na chupa zikipotea njiani," akasema, "ini linalazimika kutengeneza nyingine, na kolesteroli zaidi inatumika. Zikiwa pungufu kabisa, kolesteroli inakosa wa kuiyeyusha, inaganda kifukoni. Jiwe linaanza hapo. Na kifuko ambacho hakijikamui, nyongo inalala, inakuwa nzito, nalo jiwe linaanza hapo."

Nusu ya pili ya habari hii niliipata nikiwa nimebakiza mwaka kustaafu. Daktari mmoja mdogo aliniambia kwamba mwisho wa utumbo nao unatoa homoni yake, chumvi zile zikifika pale. Hiyo inaliambia ini litosheke, lisigeuze kolesteroli zaidi, na inakiambia kifuko kilegee kijae tena. Nikamshukuru. Nilikuwa naisubiri tangu enzi za foleni za unga.

Sasa niwaeleze habari ya Bi. Zuhura.

Alikuwa mjane, mwenyeji wa Rufiji, amepanga chumba mtaa wa Gerezani na watoto wake wanne. Alikaanga vitumbua kwenye kibaraza Mtaa wa Mchikichi, siku alizopata mafuta. Siku asizopata alikaa palepale na jiko lisilo na moto, ili mtu mwingine asiichukue nafasi. Alilazwa kwa maumivu ya chini ya mbavu za kulia, yanakuja na kuondoka. Daktari Lyatuu alimpima kwa mikono, akashuku nyongo, akamwandikia picha.

Nilipokuwa namlaza mezani alinishika mkono.

"Mwanangu, niambie wewe, maana wakubwa hawanijibu. Hii picha ndiyo itakayosema kama nakatwa?"

"Ndiyo, Bi. Zuhura."

"Basi ipige vizuri. Nikikatwa nalala muda gani?"

"Wiki kadhaa, na ukirudi nyumbani usinyanyue kitu kizito."

"Hapo nimekwisha. Kile kibaraza wakikiona hakina mtu, kesho yake wameshaweka nyanya. Na wanangu watakula hizo nyanya za watu kwa macho."

Picha ya kwanza ilikuwa nzuri. Kifuko kilijaa, kilionekana, jiwe halikuonekana. Daktari aliiangalia dhidi ya taa muda mrefu. Akasema kuna mawe madogo yanayojificha, na nyongo nzito isiyo na jiwe inauma vilevile. Tuone kama kinajikamua.

Nikaenda jikoni kuchukua mlo wa mafuta. Mpishi wetu, Mama Pili, aliweka mayai na siagi ya kazi hiyo kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo ameufunga kiunoni. Alinikaangia mayai mawili, akapaka siagi kwenye vipande vya mkate mpaka mkate ukaonekana umevaa.

"Hii ni ya kifuko cha nyongo," akasema. "Si ya mhudumu. Nakujua."

"Mama Pili, nanusa tu."

"Kunusa napo kuna mwisho wake."

Lazima mwelewe jinsi korido ile ilivyokuwa. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, wengine hawajatia kitu mdomoni, na mimi napita katikati yao na mayai yaliyokaangwa kwa siagi. Vichwa viligeuka vyote. Mtoto aliyekuwa analia alinyamaza. Na kula mbele ya watu wenye njaa, kwetu sisi, si jambo la mtu mwenye adabu. Ndiyo maana zamani kabla yangu waliweka pazia mwisho wa korido, na kiti nyuma yake. Mgonjwa wa nyongo anapewa sahani, anaingia nyuma ya pazia, anakula peke yake kwa staha. Hakuna aliyemchungulia. Ungemchungulia mtu mzima anakula, ungekuwa umekosa malezi.

Bi. Zuhura aliingia nyuma ya pazia. Mimi nilikwenda kuosha filamu za wengine. Niliporudi alikuwa ameketi nje, sahani tupu magotini, anajifuta makombo mdomoni kwa ncha ya khanga.

"Imekwisha?"

"Alhamdulillahi."

Tulisubiri muda unaotakiwa, tukapiga picha ya pili. Nilipoitoa kwenye maji Mzee Chilumba aliitazama, akaitazama tena ya kwanza. Embe lilikuwa lilelile. Halikupungua hata ukingo.

Mzee Chilumba alikwenda mwenyewe kwa Daktari. Nilikuwa nyuma yake nimebeba fremu mbili zinazotiririka.

"Ndugu Daktari, ningependa turudie hii. Vidonge tena, mlo tena, picha tena."

"Filamu zimebaki ngapi?"

"Zinazotosha ajali za wiki hii, kama madereva watakuwa na huruma."

"Na meli ya zingine?"

"Wanasema iko njiani."

Wote watatu tulijua maana ya "iko njiani". Alizisogeza filamu karibu na dirisha. "Ana maumivu mahali penyewe," akasema. "Kifuko kimejaa na hakijikamui. Nikisubiri meli, anaweza kunipasukia huko Gerezani." Halikuwa jibu la mtu mzembe. Nimelifikiria kwa miaka mingi, na kwa alichokuwa nacho mkononi, hata leo sioni angesema nini kingine.

Bi. Zuhura alipoambiwa hakulia. Aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda kumwomba mdogo wake wa Magomeni aje akae na watoto na kukalia kibaraza. Akarudi mwenyewe, kwa miguu.

Alipasuliwa. Kabla ya mchana Daktari Lyatuu aliteremka mpaka kwetu, bado na kofia ya kitambaa kichwani, ameshika bakuli la chuma lenye umbo la figo. Ndani yake kulikuwa na kifuko cha nyongo. Sikuwahi kukiona kwa macho. Nilikuwa nakijua kama kivuli. Kilikuwa laini, rangi ya kijani inayoelekea bluu, kama jani la mgomba lililokunjwa likiwa bichi. Amekichana kwa urefu. Nyongo iliyotoka ilikuwa nzito, lakini hakukuwa na jiwe, hata chembe.

"Hiki ni kizima," alisema. "Ukuta wake ni mwembamba, kinanyooka, kinakunjika. Maumivu yake yalikuwa kidonda, kwenye mwanzo wa utumbo. Nimekiona nikiwa tayari nimeshakata." Akanigeukia. "Alikula?"

"Sahani ilirudi tupu, Ndugu Daktari."

"Sikuulizi habari za sahani."

Mzee Chilumba akavuta kiti, akaketi, jambo ambalo hakulifanya kazini. Alitazama mwisho wa korido, kwenye pazia.

Tulimwendea Bi. Zuhura wodini baada ya siku chache, alipokuwa anaweza kuzungumza. Homa ilikuwa imeshaanza. Kidonda cha upasuaji kilikuwa kinatoa usaha, na dawa ya sindano iliyotakiwa haikuwapo wodini; sista alikuwa ametumwa kuiulizia hospitali nyingine. Daktari alivuta stuli, akakaa, uso wake ukalingana na wa mgonjwa. Wanawake wa vitanda vya jirani wakaacha kupiga soga.

"Bi. Zuhura, siku ile ya picha. Yale mayai uliyala?"

"Nani kasema sikula?"

"Hakuna aliyesema. Kifuko chako ndicho kimesema. Utumbo wako ungeyaonja yale mafuta, kingejikamua."

Alitazama dari. Kisha akanitazama mimi, si Daktari, kama mtu anayetafuta ambaye kumwonea aibu ni nafuu.

"Mwanangu, mayai ya siagi," alisema. "Wanangu siagi wanaisikia kwa jina. Huyu mdogo aliwahi kuniuliza ni mnyama gani. Leo nimepewa sahani nzima, nimefungiwa pazia, nikae nimeze peke yangu? Tonge lingepita wapi? Nilifunga kwenye gazeti, nikaweka kwenye pindo la khanga, wanangu walipokuja kuniona nikawapa. Mkate nilitafuna kipembe, ili mdomo uwe na makombo."

Mwanamke wa kitanda cha pili akasema, "Hata mimi ningefunga."

"Kosa si lako," Daktari alisema. "Ni letu. Hatukukueleza mlo ule ni kipimo, ulidhani ni hisani. Na hatukukaa nawe."

"Hata mngekaa, Daktari. Ningeficha shavuni."

Wodi nzima ikacheka. Naye alicheka, akashika tumbo kwa maumivu, akaacha kucheka. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Kwa hiyo sikuwa na ugonjwa wa nyongo."

"Hukuwa nao."

"Nina nini?"

"Una kidonda kwenye utumbo."

"Hicho nacho kinataka kisu?"

"Hapana. Kinataka dawa. Na kula, kwa wakati, bila kuruka."

"Kula kwa wakati," alirudia Bi. Zuhura. Daktari alimweleza kwamba mtu anaweza kuishi bila kifuko, nyongo itakuwa inadondoka yenyewe kutoka kwenye ini moja kwa moja. Alimweleza yote, taratibu, kama alivyozoea kunieleza mimi. Sijui alisikia kiasi gani. Alikuwa ameshafumba macho, anatetemeka chini ya blanketi katika joto la Dar.

Tukiwa tunatoka Daktari aliniambia, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuliuliza. Kwamba mtu anayejinyima kila siku, utumbo wake hauonji mafuta, homoni haitoki, kifuko hakikamuliwi, nyongo inalala humo na kuwa nzito, kama aliyoikuta. Angeendelea kuwagawia watoto sahani yake miaka mingine, mawe angekuja kuyapata kweli.

Dawa ya sindano ilipatikana, kidogo, na ilichelewa. Bi. Zuhura alifariki wiki ileile. Mdogo wake wa Magomeni alikuja na wanaume wa mtaani kumchukua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliniuliza kama marehemu aliacha kitu wodini, nikampa khanga zake. Zilikuwa zimefuliwa, lakini kwenye pindo la moja palibaki doa la mafuta. Siku hizo sabuni ya kuliondoa ungeipata wapi? Watoto wawili walichukuliwa Rufiji, wawili Magomeni. Kwenye kibaraza cha Mtaa wa Mchikichi paliwekwa vitunguu, si nyanya.

Daktari Lyatuu aliandika taarifa kwa mkono wake, akaeleza yote, akaweka jina lake. Ilijibiwa kwamba imepokelewa. Mzee Chilumba alipanda juu ya kiti cha wagonjwa akaling'oa pazia, na misumari yake, akamkabidhi Mama Pili alifanye matambara ya jikoni. Kwa muda hatukupiga picha za nyongo kabisa. Filamu zilipokuja, swali likawa mlo. Daktari alitaka mayai yaendelee, mgonjwa ale mbele yetu. Mzee Chilumba akakataa.

"Ndugu Daktari, mimi siwezi kumsimamia mama mtu mzima kama askari, nihakikishe amemeza chakula ambacho wanawe hawana. Nitafutie kitu kingine."

Aliyekitafuta ni Mama Pili. Alisema nazi bado zinakuja Kariakoo kutoka Mafia na Kisarawe, hazina foleni. Atakuna, atakamua tui la kwanza, zito, bila maji mengi, kikombe kizima. "Tui halifungwi kwenye khanga," alisema. Daktari alifikiri, akasema utumbo hauulizi mafuta yametoka kwa kuku au kwa mnazi, tujaribu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Jangwani, mshona mikeka, mvua za mwaka ule zilikuwa zimemtoa ndani ya nyumba. Safari hii Mzee Chilumba alimweleza kila kitu kabla: ukinywa, utumbo utakiambia kifuko kijikamue, tutaona; usiponywa, tutadhani ni kibovu, na tutakukata bure. Hakupunguza neno. Mama yule alikunywa kikombe chote amesimama, mbele ya mabenchi, mbele ya watu wote waliokuwa na njaa. Hakuna aliyegeuza uso wala yeye hakuinamisha wake.

Niliosha filamu ya pili mwenyewe. Lile embe lilikuwa limekuwa kidole. Mzee Chilumba aliitazama, akaitundika ikauke, akarudi kuosha mikono. Nilikwenda kumwambia yule mama kwamba nyongo yake ni nzima, hakatwi, arudi wodini akachukue vitu vyake.

Alinishukuru, akaniombea dua. Akapiga hatua chache, akageuka.

"Samahani, kaka. Ile nazi mliyonikamulia, chicha lake mnalitupa?"

Nikaenda jikoni kumuuliza Mama Pili. Alikuwa bado hajalitupa. Alilifunga kwenye gazeti, akakaza vizuri, akanipa nimpelekee.